Asiransi ya gari na moto za koperative: namna ya kupunguza bei bila kujidanganya

SOMO LA MWEZI HUU



Leo koperative nyingi ziko na kamyo, ao moto, ao moto ya mipira tatu ya kubebea mavuno. Vyombo hivyo vinafupisha njia kati ya shamba na soko. Lakini aksida moja tu katika barabara inaweza kukula kazi ya mwaka muzima ya wanamemba wote. Ndiyo sababu somo hili linazungumuzia asiransi ya lazima, yenye wengine wanaita bima.

Kisha kujifunza somo hili, kila mwanamemba ataweza kufasiria mambo tatu: asiransi ya lazima inalinda nani, bei yake inatokea wapi, na njia gani za kweli zinaweza kuipunguza. Muzuri mulisome pamoja katika mukutano, na mutunza-feza akuwe na kalamu na karatasi.

1. ASIRANSI YA LAZIMA INALINDA NANI?

Watu wengi wanasema: "Nimelipa asiransi, kwa hiyo gari yangu ikiharibika watanitengenezea." Hapana, haiko vile. Asiransi ya lazima, yenye katika karatasi inaandikwa RC, inalipa mutu mwingine mwenye gari yako imemuumiza, ao kitu chake chenye gari yako imeharibu. Mama mwenye alikuwa anatembea kando ya barabara, motari mwenye mumegonga, ukuta wa nyumba ya jirani: hao na hivyo ndivyo vinalipwa. Kamyo yako yenyewe haimo. Magunia yenye ilikuwa inabeba pia hayamo. Kama munataka vitu hivyo vilindwe, inaomba kulipa sehemu ya kuongezea.

Katika inchi yetu, sheria inalazimisha asiransi hiyo kwa kila chombo cha moteri chenye kinatembea katika barabara. Moto iko ndani pia. Usifikiri ni kamyo tu.

Sheria hiyo iko na sababu nzuri. Tangu zamani, Kodi Sivili yetu, Kitabu cha Tatu, artikle ya 258, inasema kama mutu mwenye amemuletea mwingine hasara kwa kosa lake anapaswa kuirudisha. Na artikle ya 260 inaongeza kama mutu anajibu pia juu ya makosa ya wale wenye anatumikisha. Maana yake: shofere wa koperative akigonga mutu wakati yuko katika kazi, familia ya yule mutu haitamufuata shofere peke yake. Itafuata koperative, na kese yake.

2. TUFANYE HESABU PAMOJA

Tuchukue mufano. Hesabu hizi ni za kujifunza tu, haziko bei ya kampuni fulani.

Koperative iko na wanamemba 120 na kamyo moja. Asiransi ya lazima ya mwaka ni dola 600. Tugawe: 600 kwa 120, ni dola 5 kwa kila mwanamemba.

Sasa tuseme kamyo haina asiransi, na inavunja mukuu wa familia muguu. Hopitali, dawa, na kazi yenye atakosa kufanya, vyote vinafika dola 3,600. Tugawe kwa 120: ni dola 30 kwa kila mwanamemba. Na feza hiyo inaombwa mara moja, pengine katika mwezi wa kununua mbegu.

Kuna hesabu ingine. Kama kamyo ile inabeba magunia 3,000 kwa mwaka, dola 600 ya asiransi ni senti 20 ya dola kwa kila gunia. Koperative yenye hekima inaweka senti hizo ndani ya bei ya usafirishaji kila siku ya kupakia, inaziweka pembeni, na mwisho wa mwaka feza iko tayari. Koperative ingine inangojea siku karatasi inaisha, halafu inaanza kukopa. Bei ni moja, lakini mateso haiko moja.

3. BEI INATOKEA WAPI?

Mbele ya kupunguza bei, tujue vitu vyenye vinaipandisha. Mara nyingi kampuni inaangalia:
– nguvu ya moteri, yenye inaandikwa katika karte roze;
– kazi ya gari: ya mwenyewe, ya kubeba mizigo, ao ya kubeba watu kwa malipo;
– hesabu ya viti, na uzito wenye gari inaruhusiwa kubeba;
– muda: miezi tatu, sita ao mwaka;
– sehemu za kuongezea, kama vile moto wa kuunguza, wizi, ao hasara ya gari yenyewe.

Juu ya hapo kunaongezwa kodi ya serikali na feza ya karatasi. Kwa hiyo, wakati munaomba bei, ombeni bei yote mpaka mwisho, na kila sehemu iandikwe kwa mustari wake.

4. NJIA SITA ZA KWELI ZA KUPUNGUZA BEI

Ya kwanza: ulizeni kampuni zaidi ya moja. Tangu mwaka 1966, SONAS ndiyo ilikuwa peke yake, mpaka leo wazee wengi wanaita kila karatasi ya asiransi "sonasi". Lakini sheria namba 15/005 ya tarehe 17/3/2015 ilifungua mulango kwa kampuni zingine, na tangu 2019 kampuni za watu binafsi zilianza kupewa ruhusa na ARCA, ni kusema ofisi ya serikali yenye kusimamia asiransi. Kwa hiyo mutunza-feza anaweza kuomba bei tatu kwa maandishi. Kwa sehemu ya lazima, tofauti inaweza kuwa kidogo. Tofauti kubwa inaonekana katika sehemu za kuongezea na katika namna kampuni inalipa watu. Ulizeni koperative jirani: "Siku mulipata aksida, walilipa kisha muda gani?" Bei ya chini kwa kampuni yenye hailipi ni bei kali sana.

Ya pili: wekeni vyombo vyote katika kontra moja. Koperative yenye iko na kamyo moja na moto tatu isiende kununua karatasi ine kwa siku ine mbalimbali. Kampuni inaweza kupunguza bei kwa mutu mwenye kuleta vyombo vingi. Na kama koperative yenu iko katika muungano, muungano wenyewe unaweza kwenda kusemezana bei kwa ajili ya wote. Ni sawa na kununua mbolea: mwenye kununua gunia moja hana sauti.

Ya tatu: chagueni muda kufuatana na kazi. Katika mufano wetu, mwaka ni dola 600, miezi sita dola 350, miezi tatu dola 200. Kama kamyo inatumika miezi sita tu ya mavuno, mutaokoa dola 250. Lakini kama inatumika miezi tisa, mara tatu 200 inafika 600, sawa na mwaka muzima. Na mwenye kulipa miezi tatu-tatu mwaka wote anatoa 800. Zaidi ya hiyo, wakati karatasi imeisha, gari ikae ndani ya lupango. Isitoke hata kupeleka mugonjwa, hata kwenda tu kwa fundi.

Ya ine: musilipie sehemu zenye hazina faida. Kamyo ya zamani yenye mungeuzisha kwa bei ya chini haiombi kila mara asiransi ya hasara ya gari yenyewe. Lakini kama mulikopa feza ya kununua kamyo mupya, sehemu hiyo inaweza kuokoa koperative, na pengine benki yenyewe itailazimisha. Ulizeni pia juu ya franshize, ni kusema ile sehemu ya hasara yenye nyinyi wenyewe munakubali kulipa. Franshize ikipanda, bei inashuka. Hata hivyo musikubali franshize yenye kese yenu haiwezi kulipa kwa siku moja.

Ya tano: muonyeshe kama munaendesha vizuri. Wekeni daftari ya gari: tarehe ya kutengeneza freni, ya kubadilisha mapine, ya kontroli tekniki, na majina ya mashofere wenye permi. Kama mwaka umepita bila aksida, wakati wa kurudilia kontra ombeni bei ipunguzwe juu ya hiyo. Kampuni haitakumbuka peke yake. Ni nyinyi wa kuuliza.

Ya sita: kwa kuvuka mupaka, lipeni kwa siku zenye munahitaji. Asiransi ya hapa kwetu inaishia kwenye mupaka. Kamyo yenye inapeleka mazao Rwanda, Burundi, Uganda ao Zambia inaomba Karte ya Manjano ya COMESA, yenye inalinda watu wa inchi ile kama gari yako inawaumiza. Congo iko ndani ya mupango huo. Kama munavuka mara mbili tu kwa mwaka, ulizeni kampuni yenu kama inaweza kuitoa kwa muda mufupi.

5. NJIA ZENYE ZINAONEKANA RAHISI LAKINI ZINAUMIZA

Kusema uongo juu ya kazi ya gari. Wengine wanaandikisha pickup kama gari ya mwenyewe nyumbani, lakini kila siku ya soko inabeba magunia na watu kwa malipo. Siku ya aksida, kampuni inatuma mutu wa kuangalia. Akiona ukweli hauko sawa na karatasi, kampuni inaweza kukatala kulipa, ao kulipa sehemu tu. Hapo mumetoa feza ya asiransi na mumebaki bila asiransi. Neno hili linamuhusu pia mwanamemba mwenye anakodisha gari yake mwenyewe kwa koperative: afasirie kampuni kazi hiyo mbele ya kupakia gunia la kwanza.

Kupandisha watu juu ya magunia. Tunajua ni desturi, na tunajua mama mwenye ametembea saa tano na mzigo anaomba msaada. Lakini kama kontra inasema gari ni ya mizigo na iko na viti tatu, wale wenye kukaa juu ya magunia wanaweza kukosa malipo. Komite isome kontra na iwaambie mashofere wazi wazi.

Kununua karatasi kwa mutu wa njiani. Karatasi ya uongo inaweza kupitisha gari ku bariere moja ao mbili. Haitalipa hopitali hata siku moja. Lipeni ku biro ya kampuni, kwa ajenti mwenye kujulikana, ao ku benki, na mushike karatasi ya malipo.

6. MBELE YA KUTOKA KU BIRO, ANGALIENI

– Jina: ni la koperative, sawa na katika karte roze? Koperative yenye imeandikishwa kufuatana na sheria ya OHADA ni mutu mbele ya sheria. Inaweza kuwa na gari kwa jina lake. Kama gari imeandikwa kwa jina la prezida wa zamani, mutengeneze neno hilo sasa.
– Namba ya plaki na namba ya chasi: hazina kosa hata la herufi moja?
– Tarehe: inaanza siku gani, inaisha siku gani?
– Kazi ya gari, hesabu ya viti na uzito: ni ukweli?
– Karatasi ya malipo: iko na muhuri na feza yote yenye mulitoa?

Kopi moja ikae kwa sekretere. Karatasi yenyewe ifuate gari.

7. AKSIDA IKITOKEA

Namna shofere anafanya saa ile inaweza kuokoa ao kupoteza asiransi yote.
– Asikimbie, isipokuwa kama maisha yake iko katika hatari. Hapo aende moja kwa moja kwa polisi.
– Asaidie mwenye kuumia, amufikishe ku hopitali.
– Aite polisi wa barabara ili waandike proseverbali. Achukue picha, majina na namba za telefone za mashahidi.
– Asitie sahihi ku karatasi yenye kusema "ninakubali kosa" ao "tutalipa feza hii". Kwenda kusalimia familia ya mwenye kuumia ni utu, na ni lazima. Lakini kuahidi malipo mbele ya kampuni kujua kunaweza kuharibu haki yenu.
– Prezida aandikie kampuni mbele ya siku zenye zinaandikwa katika kontra kuisha. Mara nyingi ni siku kidogo tu. Abaki na kopi yenye imepigwa muhuri.

MAULIZO YA KUZUNGUMUZIA KATIKA KIKUNDI

1. Vyombo vya koperative yetu ni ngapi, na karatasi ya kila kimoja inaisha tarehe gani?
2. Kazi yenye inaandikwa katika karatasi iko sawa na kazi yenye gari inafanya siku ya soko?
3. Tukigawa bei ya asiransi kwa magunia yetu ya mwaka, ni ngapi kwa gunia moja? Tutaanza kuiweka pembeni tangu siku gani?
4. Ni koperative gani jirani zenye tunaweza kuungana nazo kuomba bei moja?

KAZI YA NYUMBANI: Mbele ya mukutano wenye kufuata, mutunza-feza alete bei tatu zenye zimeandikwa, na sekretere alete orodha ya karatasi zote. Wanamemba wazisikilize, waulize, halafu wakate shauri pamoja. Feza ya asiransi inatoka kwa jasho ya wote. Na siku ya aksida, deni pia litakuwa la wote.