Mto Mmoja, Wataalamu Wengi: Somo kwa Vikundi vya Merti

Somo la mwezi huu ni la kusoma na kujadiliana. Mmoja asome kwa sauti, polepole. Asiyesikia Kiswahili vizuri atafsiriwe kwa Kiborana. Kila penye maswali, simameni kwanza mzungumze, ndipo muendelee.

1. Hadithi ya kuanzia

Siku moja nilikuwa nimeketi na akina mama wa kikundi kimoja chini ya mti hapa Merti. Wakaja vijana wawili wa chuo kikuu, fomu mkononi. Walitusalimu kwa heshima, wakaanza: Mama, una mbuzi wangapi? Maji unachota wapi? Unatembea muda gani?

Mama mmoja mzee aliwajibu yote kwa upole. Halafu akasema, "Mwanangu, mwaka juzi walikuja wenzako wakaniuliza haya haya. Mbuzi wangu mmewahesabu kuniliko mimi. Sasa nami niulize moja tu: mbona mto wetu haufiki siku hizi?"

Kijana akajibu, "Mama, mimi nasomea mifugo. Mambo ya maji ni idara nyingine."

Tulicheka sote, hata yeye. Lakini jioni nikawaza: mbuzi anakunywa maji. Sasa nani aliyeweka ukuta kati ya mbuzi na mto?

*Jadilini: Je, watu wa aina hii wamewahi kuja kwenu? Waliuliza nini? Walirudi kuwaeleza walichopata?*

2. Mzee wa dedha anafanyaje?

Sisi wa Waso tunajua kazi ya wazee wa dedha. Kabla ya kufungua malisho ya kiangazi, hawaulizi habari ya nyasi tu. Wanatuma watu wakatazame nyasi, visima, kupe na magonjwa. Wanauliza kama kuna amani na majirani, na nani amekwisha kuhamia huko. Nyasi nzuri bila maji si malisho. Maji mazuri bila amani si maji. Kisimani nako yuko aba erega, anayepanga zamu ya kunywesha.

Siku hizi vyuo vikuu vinaita jambo hili utafiti wa taaluma nyingi kwa pamoja, na shabaha yake wanaiita uendelevu, yaani kutumia mali ya leo bila kuwanyang'anya watoto ya kesho. Jina ni jipya. Kazi wazee wetu wameifanya siku nyingi.

Wako wasomi waliolitambua hilo. Profesa Gufu Oba, Mborana aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Sayansi za Maisha cha Norwei, alitembea na wafugaji akilinganisha vipimo vya mimea vya kisayansi na jinsi mfugaji mwenyewe anavyoipima nchi. Kwake mfugaji alikuwa mtu wa kushauriana naye, si wa kuhesabiwa tu.

3. Mto wetu ulivyochunguzwa

Ewaso Ng'iro unaanza mbali na sisi, kwenye miteremko ya Mlima Kenya na milima ya Nyandarua. Unapita Laikipia, unapita Archer's Post, unatufikia Merti, na kuishia katika kinamasi cha Lorian. Sisi tuko mkiani.

Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bern cha Uswisi, pamoja na Wakenya, walianza kuuchunguza mto huu huko Laikipia. Mwaka 2002 kazi hiyo ikapata makao ya kudumu mjini Nanyuki, katika kituo kiitwacho CETRAD, kilichoanzishwa na serikali za Kenya na Uswisi. Hapo wanafunzi wa fani mbalimbali hufundishwa wakichunguza jambo moja.

Waliona nini? Kipimo cha Archer's Post kinaeleza. Katika miaka ya 1960, mwezi wa Februari, maji yakiwa machache, zilipita kama mita 9 za ujazo kila sekunde. Hiyo ni mitungi 450 ya lita 20. Katika miaka ya 1990 ilibaki kama mita 1 tu, yaani mitungi 50.

Sasa sikilizeni vizuri. Mtu wa maji peke yake angesema: maji yamepungua. Basi. Mtu wa mvua akaleta vipimo vyake, na ikaonekana mvua peke yake haielezi upungufu mkubwa hivyo. Mtu wa kilimo akaonyesha mifereji na mabomba ya kumwagilia mashamba, madogo na makubwa, mengine yakikuza mboga na maua ya kuuzwa Ulaya. Mtu wa historia akakumbusha jinsi mashamba ya walowezi yalivyogawanywa baada ya uhuru na watu wakaongezeka. Mtu wa sheria akauliza: ni wangapi wana kibali cha kuchota? Wengi hawakuwa nacho.

Kila mmoja alishika kipande. Walipoviunganisha ndipo jibu la yule mama likaonekana: sehemu kubwa ya maji ya kiangazi huchukuliwa huko juu kabla hayajafika kwetu.

*Jadilini: Ninyi mlikuwa mkielezwa mto unakauka kwa sababu gani? Nani hulaumiwa?*

4. Faida yake ni nini?

Tusidanganyane. Utafiti haukurudisha maji. Ukame wa 2020 hadi 2022, misimu mitano mfululizo bila mvua ya kutosha, mmeuona kwa macho yenu, na mizoga mmeivuta wenyewe.

Lakini mtu asiye na hesabu huambiwa, "Ninyi mna mifugo mingi mno." Mwenye hesabu anaweza kujibu. Vyama vya watumiaji maji, ambavyo Sheria ya Maji ya 2002 ilivitambua, viliwaweka watu wa juu na wa chini meza moja, na huko mbeleni wakaweza kupatana zamu badala ya kugombana. Ndiyo ile kazi ya aba erega, ila sasa kisima ni mto mzima. Ukienda kwenye meza hiyo mikono mitupu, utasikilizwa kwa huruma tu, halafu utarudi nyumbani.

5. Kazi ya kikundi

Watafiti wakija tena, tuwakaribishe chai. Halafu tuwaulize:

1. Mna leseni ya NACOSTI? Afisi ya kaunti inajua mko hapa?
2. Mmekuja na wenzenu wa taaluma zipi? Habari ya maji, mifugo na amani nani ataiunganisha?
3. Swali letu mtaliweka katika fomu yenu?
4. Mtarudi lini kutueleza mlichopata, kwa lugha yetu? Andikeni tarehe katika kitabu cha kikundi.

Pia kikundi kichague mtu mmoja anayejua kuandika. Kila mwezi aandike: mto umefika au haukufika, kisima kimeshuka hatua ngapi, mifugo imehamia wapi. Daftari la shule linatosha. Baada ya miaka miwili mtakuwa na kitu ambacho hata profesa atakiomba.

Mkutano ujao, kila kikundi kilete ukurasa wa kwanza wa daftari lake. Tutausoma pamoja.