Somo la Robo Hii: Kazi ya Mikono Inapokuwa Darasa



Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere (1967) iliishia kwenye jembe katika shule nyingi: mwanafunzi alilima, hesabu ya mavuno hakuiona.

Njia nyingine ipo. Mwaka 2009 ilianzishwa Toronto, Kanada, shule ya Oasis Skateboard Factory. Vijana walioshindwana na sekondari ya kawaida walibuni, wakatengeneza na kuuza vibao vya kuteleza vyenye magurudumu. Michoro, hesabu na matangazo yao vilihesabiwa kuwa masomo.

Mwanza tunao mafundi mitumbwi na maseremala. Tukimpeleka kwao kijana aliyeacha shule, tujiulize: Nani anapima mbao? Nani anapanga bei? Nani anashika daftari la mauzo? Kama si yeye, tumempa kibarua, si elimu.

Jadilini hayo kabla ya kununua vifaa.