TUJIFUNZE KUCHORA GURUDUMU LA GARI

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Wapenzi wanafunzi, wapo wanaouliza: je, kuchora kunafaa? Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba Ibn Abbas (R.A.) alimnasihi mchoraji mmoja achore miti na vitu visivyo na roho. Gari halina roho. Basi tujifunze kulichora, na tulichore sawasawa. Kijana atakayesomea ufundi atahitaji mchoro ambao fundi mwenzake anaweza kuutegemea.

Kwanza, vipimo. Tairi limeandikwa vipimo vyake ubavuni. Tuseme limeandikwa 185/70 R14. Upana wake ni milimita 185. Kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya upana huo, yaani karibu milimita 130. Ringi ina kipenyo cha inchi 14, yaani milimita 356 hivi. Jumlisha 130 za juu, 356 za kati na 130 za chini: gurudumu zima ni milimita 616. Kwa hiyo ukilichora kwa kipenyo cha sentimita 10, ringi iwe sentimita 5.8. Maduara yote mawili yachorwe kwa bikari, kitovu kimoja.

Pili, umbo. Ukilitazama gari ubavuni, gurudumu ni duara kamili. Ukilitazama mshazari, jicho huona duara lililobanwa, liitwalo duaradufu. Hapa wengi hukosea: akili inajua kwamba gurudumu ni duara, na mkono unaifuata akili badala ya jicho. Chora kwanza mstari wa ekseli, kisha urefu wa duaradufu uukate mstari huo kwa nyuzi 90.

Ili kupata duaradufu safi, chomeka pini mbili kwenye karatasi iliyo juu ya ubao. Funga uzi uwe kitanzi, uzungushie pini, ukaze kwa ncha ya penseli na uizungushe. Njia hii ya uzi ilielezwa huko Baghdad katika karne ya 9 na al-Hasan, mmoja wa ndugu watatu waitwao Banu Musa. Elimu hii basi si ngeni kwa Waislamu.

Tatu, uzito. Lori lililopakia mpunga, tairi zake hubonyea kidogo zinapogusa ardhi. Usipoonyesha hilo, gari litaonekana linaelea.

ZOEZI: Chora gurudumu la baiskeli, la bajaji na la lori, kila moja mara mbili: ubavuni na mshazari. Chagua chombo kilichoegeshwa, wala usikae barabarani. Atakayefika stesheni ya Mpanda atazame pia magurudumu ya mabehewa yatokayo Kaliua: ni chuma kitupu, yana ukingo wa ndani unaoyazuia yasitoke relini.

Wazazi, waulizeni watoto wenu maana ya namba za tairi. Mchoro ni kama ushahidi: tuchore tulichokiona, tusizidishe wala tusipunguze.

Wabillahi tawfiq.