Lori la Dizeli Linapozima Ghafla: Pima Kabla ya Kununua Kipuri



Katika wilaya yetu lori la dizeli hubeba karibu kila kitu: mahindi kutoka shambani, mchanga wa kujengea madarasa, maji ya zahanati wakati wa kiangazi, na taka za sokoni. Mengi ya malori hayo yana umri mkubwa, lakini si ya kale kiasi cha kukosa kompyuta ya injini. Chuma chake bado ni imara, ila nyaya zake zimezeeka. Somo hili limeandaliwa kwa wenye malori, madereva, na vijana wanaojifunza ufundi.

Tuanze na kisa kilichotugharimu. Lori la taka linalohudumia soko letu lilizima mlimani likiwa na mzigo. Taa za onyo ziliwaka zote kwa pamoja. Baada ya dakika chache injini ikawaka tena kana kwamba haikuwa na tatizo lolote. Kikanunuliwa kihisi cha krenki, ambacho mafundi hukiita sensa ya krenki. Lori likazima tena. Kikanunuliwa kihisi cha pedali ya mafuta. Likazima tena. Muda wote huo taka zilikuwa zikioza sokoni, karibu na mama lishe na wateja wao. Chanzo kilipopatikana, hakikuhitaji kipuri: waya wa ethi unaounganisha injini na chesi ulikuwa umeota kutu chini ya bolti yake. Injini ilipovuta mzigo ilijipinda kidogo kwenye vikalio vyake, waya ukaachia, na umeme wa kompyuta ukayumba.

Kanuni ya kwanza: tafuta kinachoshirikiwa

Taa nyingi zikiwaka kwa mara moja, usidhani kwamba vihisi vitano vimekufa siku moja. Tafuta kitu ambacho vyote hukitegemea: betri, waya wa ethi, fyuzi, rilei, au umeme unaotoka kwenye kompyuta. Ikiwa ni kihisi kimoja tu kinacholalamika, ndipo uanze na kihisi hicho pamoja na waya wake.

Kabla ya kufungua chochote, mwulize dereva nini kilitangulia. Je, gari lilioshwa kwa maji ya presha? Limechomelewa bila kufungua nyaya za betri? Limefungwa redio mpya? Limeegeshwa muda mrefu mahali penye panya? Jibu la dereva huweza kuokoa siku nzima ya kazi.

Hatua ya pili: betri na alteneta

Malori mengi hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa kufuatana. Pima kila betri peke yake baada ya gari kupumzika. Betri iliyojaa husoma volti 12.6 hivi, na zote mbili kwa pamoja volti 25.2. Ukiona moja ina 12.6 na nyingine 11.9, uliza kama kuna mtu aliyechukua umeme wa redio kwenye betri moja tu. Jambo hili ni la kawaida sana kwetu, nalo huua betri moja polepole huku nyingine ikichajiwa kupita kiasi. Dawa yake ni kufunga kipunguza volti kinachotoa 12 kutoka 24.

Starta inapozungusha injini, jumla isishuke chini ya volti 19 hivi. Injini ikishawaka, alteneta nzima huinua jumla hadi kati ya 27.5 na 28.5. Ikipita 30, inachaji kupita kiasi na huweza kuunguza kompyuta. Ikibaki 25 na kuendelea kushuka, haichaji.

Hatua ya tatu: waya wa ethi

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuwa hupima waya kwa omu wakati haubebi mzigo. Waya uliobakiwa na nyuzi chache bado utaonekana mzima kwenye mita, ingawa hauwezi kupitisha umeme wa starta. Upime ukiwa kazini. Weka mita kwenye volti. Ncha nyekundu iguse chuma cha injini, ncha nyeusi iguse nguzo hasi ya betri. Mwenzako azungushe starta. Mita ikizidi nusu volti, njia ya ethi ni mbovu. Lori letu la taka lilisoma zaidi ya volti 2. Baada ya kusugua kutu kwa msasa na kukaza bolti, lilisoma 0.2.

Fyuzi nazo zikaguliwe pande zote mbili. Fyuzi ikiungua, isibadilishwe kwa waya au kwa nyingine yenye ampea kubwa zaidi. Fyuzi huungua ili waya usiungue.

Hatua ya nne: kihisi chenyewe

Vihisi vingi vya nyaya tatu hupokea volti 5 kutoka kwenye kompyuta. Chomoa plagi, washa swichi bila kuwasha injini, kisha pima. Volti 5 zikikosekana, usikimbilie dukani. Chomoa vihisi vinavyoshiriki umeme huo kimoja baada ya kingine. Volti 5 zikirejea, kihisi ulichochomoa mwisho, au waya wake, ndicho kilichopiga shoti na kuviangusha vyote. Katika nyaya hizi tumia mita, si taa ya kupimia, kwani taa huvuta umeme mwingi kuliko kompyuta inavyoweza kuvumilia.

Kihisi cha joto la maji hupimwa kwa omu. Kadiri kinavyopata joto, ndivyo omu zinavyopungua. Kwa vingi, omu ni kati ya 2,000 na 3,000 katika nyuzi joto 20, na hushuka hadi 300 hivi katika nyuzi 80. Injini ikizima inapopata moto na kuwaka inapopoa, kihisi cha krenki hushukiwa. Lakini kipime wakati hitilafu ipo, si baada ya kupoa.

Mashine ya kusomea hitilafu ni msaada mkubwa, ila namba inayotoa hutaja njia ya umeme yenye matatizo, haitaji kipuri cha kununua. Andika namba zote kwenye karatasi kabla ya kuzifuta.

Tahadhari

Taa ya presha ya oili ikiwaka, zima injini mara moja. Angalia kijiti cha oili, kisha fundi athibitishe kwa geji ya mkono, kabla ya mtu yeyote kusema kwamba ni sensa tu. Taa ya upepo wa breki ikiwaka, lori lisitembee. Usilegeze bomba la dizeli la presha kubwa injini ikiwa inanguruma. Dizeli hiyo hupenya ngozi. Na kabla ya kuingia chini ya gari, weka gia huru, vuta breki ya mkono na kinga matairi kwa vigingi.

Zoezi la kujipima

1. Betri moja inasoma 12.7 na nyingine 11.8. Utamwuliza dereva swali gani?

2. Vihisi vitatu vimelalamika kwa wakati mmoja baada ya lori kuoshwa. Utaanza kupima wapi, na kwa nini?

3. Fundi anasema waya wa ethi ni mzima kwa sababu mita imelia. Utamwomba aupime tena kwa namna gani?