Mji wa Mwisho: Kuingia Kigali Ukiwa Hoi

Kuzunguka Ziwa Victoria kwa basi kuna kasoro moja: Kigali unaifikia mwishoni, wakati hamu ya kutazama miji imeshakwisha. Nilianzia Mwanza, nikapita Sirari, Kisumu, Busia na Kampala. Kufika Kabale nilikuwa sichungulii hata dirishani. Wengi wakifika hapo mawazo yao yapo nyumbani, na Kigali wanailala tu kama kituo cha kubadilishia basi. Mimi nasema upunguze mji. Chagua mtaa mmoja, mingine isamehe.

Kabla ya mpaka wa Gatuna, toa mifuko yote ya plastiki begini. Ukitoka Uganda utakuwa nayo tele: wa sabuni, wa ndala, wa nguo chafu. Sisi Watanzania tuna marufuku yetu tangu 2019, ila Rwanda ilianza 2008 na mabegi hupekuliwa. Shilingi za Uganda zibadilishe zote. Za Tanzania zibakize kwa ajili ya Rusumo, mpaka wa kurudia nyumbani. Saa nayo irudishe nyuma kwa saa moja. Basi la usiku laweza kukushusha stendi ya Nyabugogo kungali giza, kwa hiyo ipigie nyumba ya wageni mchana wake, ujue kama kuna mtu wa kukufungulia alfajiri. La sivyo kaa stendi hadi kupambazuke.

Ukivuka barabara tazama kushoto kwanza, maana Rwanda magari hupita kulia, na mtu mwenye usingizi huvuka kwa mazoea. Pikipiki ya abiria huitwa moto. Utapewa helmeti, na mshikaki sahau: abiria ni mmoja.

Mtaa niliouchagua ni Nyamirambo, na ningeuchagua tena. Bunge la Rwanda lilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, lakini Nyamirambo, wanakoishi Waislamu wengi, kilikuwa kinazungumzwa zamani sana kabla ya sheria hiyo. Kwa aliyechoka, hiyo ni nusu ya kitanda. Nilipoanza kuuliza bei ya chumba kwa Kiingereza kilichobaki kichwani tangu Kampala, mama wa mapokezi alinikata: “Kaka, sema Kiswahili tu, kisha ukalale.”

Nguo zitoe zifuliwe kabla hujalala. Ukiamka una sababu ya kutohama. Mchana tafuta kibanda kilichoandikwa “Amata”. Hapo ni maziwa tu, fresh au mgando wanaouita ikivuguto, pamoja na chapati au andazi. Agiza mgando, kaa. Jioni teremka Biryogo, kwenye mtaa uliofungwa kwa magari na kupakwa rangi barabarani, watu wamejaa mezani na chai. Sikufanya kingine siku hiyo, wala sikudaiwa na mtu. Vilima vya Kigali havina huruma na miguu ya safari ndefu, na kupanda kimoja kwa siku kunatosha.

Jumba la kumbukumbu ya mauaji ya kimbari lililoko Gisozi usiende siku ya kwanza. Wamezikwa pale watu zaidi ya 250,000, na kulipitia ukisinzia ni kuwavunjia heshima. Nenda asubuhi ya pili, ukiwa umelala vizuri, na baada yake usipange kitu. Mimi nilirudi Nyamirambo nikakaa kimya hadi magharibi.

Angalia kalenda pia. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda, kazi za pamoja za usafi na ujenzi wa mtaa. Hadi saa tano asubuhi maduka mengi hufungwa na usafiri huwa wa shida. Usiiwekee safari asubuhi hiyo.

Tiketi ya Rusumo nunua Nyabugogo siku moja kabla, basi la mapema kabisa. Mabasi ya Kigali huondoka kwa saa iliyoandikwa, hata viti vikiwa vitupu, na ukishavuka daraja la Kagera unapoteza saa moja papo hapo. Anayeondoka Kigali saa nne hukuta magari ya kwenda Kahama yameshaondoka.