Ruta ya CNC kwa Karakana za Beni, Butembo na Kamango: Mwongozo wa Kununua na Kusimika

Wateja wa samani wa Butembo na Beni siku hizi huja karakanani na picha kwenye simu: mlango wenye maua ya kuchongwa, kitanda chenye kichwa cha mawimbi, meza ya kanisa yenye maandishi. Fundi hodari anaweza kuchonga kimoja kwa patasi kikapendeza. Lakini mteja akitaka milango 6 iliyo sawa kabla ya harusi, mkono unachelewa. Ndipo wengi wanaanza kuulizia ruta ya CNC, mashine inayoongoza kisu kwa maagizo ya kompyuta na kurudia mchoro uleule bila kuchoka.

Mwongozo huu ni wa fundi, au mafundi waliochanga pamoja, wanaotaka kuagiza mashine hiyo kutoka China. Wanunuzi wengi huanzia bei. Hapa tunashauri uanzie soketi yako ya umeme, kisha barabara itakayoleta mzigo, kisha vipuri. Katalogi ije mwisho.

Umeme kwanza

China hutumia volti 220 kwa fezi moja na volti 380 kwa fezi tatu, hertz 50, sawasawa na Kongo. Mashine ya kawaida ya China kwa hiyo haihitaji transfoma ikifika kwetu. Hata hivyo wauzaji huunda pia mashine za soko la Marekani, zenye volti 110 na hertz 60, na zikibaki ghalani huuzwa kwa yeyote. Dai proforma, yaani ankara ya awali, iandike wazi idadi ya fezi, volti na hertz. Neno la mdomo au ujumbe wa simu hautoshi.

Kabla ya kulipa chochote, pima umeme wa karakana yako kwa multimita asubuhi, mchana na jioni, kwa wiki nzima, na uandike kila kipimo. Ukikuta kati ya volti 198 na 242 kwa siku zote, una umeme wa kufanyia kazi. Ukishuka hadi 170 kila jioni watu wanapowasha taa na pasi, utahitaji stabiliza, au utapanga kazi za mashine ziwe za asubuhi tu. Walio karibu na Mutwanga, chini ya Ruwenzori, wanaotumia umeme wa maji wa Virunga, nao wapime vilevile: nyaya ndefu za mwisho wa laini hupunguza volti hata kama kituo kinazalisha vizuri.

Mwenye kutegemea jenereta afanye hesabu hii. Spindo, yaani mota inayozungusha kisu, chukua ya kilowati 3. Mota za kusogeza na sanduku la kudhibiti, kilowati 1. Kinyonya vumbi, kilowati 2.2. Jumla ni zaidi kidogo ya kilowati 6, na kinyonya vumbi kinapowashwa huvuta umeme mara kadhaa ya kiasi chake kwa sekunde chache. Sasa ongeza mwinuko. Butembo iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya juu ni nyepesi: injini ya dizeli isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Jenereta ya kVA 15 ambayo karatasini inatoa kilowati 12 itatoa kama 10 ukiwa Butembo. Hiyo inatosha. Ya kVA 8 haitoshi, hata muuzaji akiapa. Variata, kile kifaa kinachoipa spindo mwendo, nacho kwa kawaida hukadiriwa kwa mwinuko wa mita 1,000, na juu ya hapo hupunguziwa asilimia 1 kwa kila mita 100. Kwa hiyo spindo ya kilowati 3 ipewe variata ya kilowati 4.

Kwa sababu hiyohiyo tunashauri uache meza ya kunyonya hewa, hata kama ndiyo inayovutia kwenye video. Pampu yake hula kilowati 5.5 au 7.5 na haizimwi wakati wote wa kazi. Meza yenye mifereji na vibanio, pamoja na skrubu chache pembeni mwa ubao, hufanya kazi ya milango na vitanda vizuri kabisa.

Kuchagua mashine

Namba za mashine hizi hueleza ukubwa wa meza. Ile ya 1325 hukata eneo la milimita 1,300 kwa 2,500, kwa hiyo humeza bamba zima la tripleksi la 1,220 kwa 2,440, na mlango mzima pia. Ile ya 6090 hukata milimita 600 kwa 900. Karakana ya Butembo au Beni yenye wateja wa milango ichukue 1325. Uzito wake huwa karibu na tani moja, hivyo uwe na njia ya kuiteremsha na sakafu ya saruji ya kuiweka.

Kwa Kamango ushauri wetu ni tofauti. Karakana za huko, eneo la Watalinga, zinahudumia mji wa soko ulio karibu na mpaka wa Uganda, ambako kazi nyingi ni viti, makabati na madirisha, na ambako tani moja ya chuma ni mzigo mgumu kufikisha. Barabara ya Mbau–Kamango imebeba majonzi mengi. Julai 2013 Kamango iliposhambuliwa, makumi ya maelfu ya watu walivuka kwenda Bundibugyo, Uganda. Fundi wa huko anajua kwamba mali isiyohamishika upesi ni mali iliyo hatarini. Mashine ya 6090 yenye spindo ya kilowati 1.5 au 2.2 hufunguliwa vipandevipande, hubebwa na watu wachache, na huenda kwa jenereta ndogo. Haitachonga mlango kwa mkupuo mmoja, lakini itachonga paneli za mlango, na paneli ndizo zenye maua.

Katika mashine yoyote, angalia mambo haya. Reli za mraba ni imara kuliko fito za mviringo, ambazo hupinda katikati. Mhimili wa juu na chini uwe na skrubu ya gololi. Spindo iwe na koleti za ER20 au ER25, kwa sababu visu vyake hupatikana kirahisi. Spindo ya kupozwa kwa maji ni tulivu, lakini pampu yake ikizimika bila wewe kujua, spindo huungua. Ya kupozwa kwa hewa hupiga kelele zaidi na haina pampu ya kuharibika, na kwa mahali ambapo umeme hukatika ovyo sisi tunaipendelea. Kidhibiti cha mkononi kinachosoma kadi ya kumbukumbu ni bora kwetu kuliko kile kinachotaka kompyuta ikae karibu na mashine ikila vumbi mchana kutwa.

Mota za hatua zinatosha kwa kazi ya samani. Mota ya servo ni nzuri, ila kipuri chake ni ghali na fundi wa kuirekebisha ni adimu.

Sasa vipuri, na hapa usione huruma na pesa. Agiza katika kreti ileile variata moja ya ziada, draiva moja na mota moja ya hatua, swichi za kikomo, koleti mbili za kila kipimo pamoja na nati yake, na visu vya kutosha miezi 6. Variata ikiungua Butembo na huna nyingine, utasubiri meli. Kwa wiki zote hizo mashine italala, na mteja wa milango 6 atakuwa amekwenda kwingine.

Kulipa na kusafirisha

Mashine ya 1325 ya kawaida mara nyingi huuzwa kati ya dola 2,500 na 5,000 kabla ya usafiri. Utaratibu wa kawaida ni kutanguliza asilimia 30 na kumaliza asilimia 70 kabla mzigo haujapakiwa. Usitoe hiyo 70 mpaka upokee video ya mashine yako, namba yake ya utambulisho ikionekana, ikikata mchoro ulioutuma wewe. Omba pia picha ya ndani ya sanduku la umeme, mchoro wa nyaya, na orodha ya namba zilizowekwa kwenye variata. Hifadhi hivyo vyote mahali pawili.

Wafanyabiashara wa Butembo wamezoea kukusanya mizigo katika kontena moja kule Guangzhou, na njia hiyo ni nzuri kwa nguo na vyombo. Lakini viwanda vingi vya ruta viko Jinan, mkoa wa Shandong, mbali kaskazini, na bandari yake ya karibu ni Qingdao. Uliza bei mbili: ya kupeleka mashine hadi ghala la Guangzhou, na ya kuipakia moja kwa moja Qingdao hadi Mombasa. Kreti ya mbao iwe na muhuri wa kuthibitisha kwamba mbao zimetibiwa dhidi ya wadudu.

Kutoka Mombasa mzigo hupita Malaba na Kampala hadi Mpondwe, kisha Kasindi, safari ya zaidi ya kilomita 1,500. Wakala wa forodha, deklaranti wetu, apatikane kabla meli haijaondoka China. Ni yeye wa kufuatilia leseni ya kuingiza bidhaa kupitia benki, karatasi ya mzigo ya OGEFREM, ukaguzi wa bidhaa wa OCC na tangazo la forodha la DGDA. Aliye Kamango asidhani kwamba mpaka wa Nobili, kwa kuwa uko karibu, utapokea mzigo wowote. Ofisi ya kuingilia huandikwa kwenye hati za usafirishaji tangu mwanzo, na kuibadilisha njiani ni gharama. Mzigo wa namna hii uandikwe Kasindi.

Ushuru hukokotolewa juu ya bei ya mashine pamoja na bima na usafiri. Ngazi za ushuru wa Kongo ni asilimia 5, 10 na 20, na vifaa vya uzalishaji kwa kawaida huwekwa kwenye ya chini. Juu yake huja TVA ya asilimia 16. Mashine iliyofika kwa dola 6,000 ikitozwa asilimia 5 italipa 300, kisha TVA juu ya 6,300 ni 1,008, na bado ada za huduma nyingine. Muulize deklaranti akuandikie makadirio yote, na dai risiti kwa kila senti. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini mashine iliyotengenezwa China haipati msamaha kwa kupita tu Kenya na Uganda. Anayekuahidi hivyo anakupoteza.

Kusimika

Mashine ikifika, ipige picha kabla ya kufungua kreti. Iweke juu ya saruji, sawazisha miguu kwa pimamaji ndefu, na urudie baada ya wiki moja kwa sababu fremu hutulia. Chimbia fimbo ya shaba ardhini na uunganishe waya wa ardhi kwa fremu, variata na sanduku la kudhibiti. Mashine isiyo na waya wa ardhi huruka hatua katikati ya kazi na kuharibu mbao, na mwenyewe hudhani ni programu.

Amuru mashine isogee milimita 1,000 na upime kwa futi ya chuma. Ikisogea 998, chukua namba ya mapigo iliyowekwa, zidisha kwa 1,000, gawanya kwa 998, uandike jibu. Kisha chora mstatili mkubwa na upime milalo yake miwili, kona hadi kona: ikitofautiana, daraja la mashine halijakaa mraba na lazima lirekebishwe kabla ya kazi ya mteja. Mwisho tandika ubao wa kuchakaa juu ya meza na uuparaze wote kwa kisu kipana, ili uso wake ulingane na mwendo wa spindo.

Kwa muvula au libuyu, anza na kisu cha milimita 6 chenye makali mawili, mizunguko 18,000, kina cha milimita 3, na mwendo wa milimita 3,600 kwa dakika. Ukiona unga badala ya vipande, kisu kinasugua na kuchemka: ongeza mwendo. Mbao nazo ziwe kavu. Mbao mbichi zilizoshuka juzi kwenye lori la Mambasa zitachongeka vizuri na kupasuka mwezi unaofuata, maua yote yakiwemo. Zipange kwa vijiti kivulini hadi unyevu ufike asilimia 15 au chini yake.

Vumbi la mbao limeorodheshwa tangu 1995 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kuwa linasababisha saratani kwa binadamu. Kinyonya vumbi, barakoa nzito na miwani viwe sehemu ya bei ya mashine tangu siku ya kupiga hesabu. Watoto wasikae karakanani. Swichi nyekundu ya kuzimia iwe mahali ambapo mkono wa msaidizi unafika bila kupita juu ya meza.

Chagua vijana wawili, siyo mmoja, wajifunze kuchora na kuendesha. Inkscape na FreeCAD ni bure na zinatosha kwa kuanzia. Kila mmoja awe na daftari la saa za kazi, mafuta ya reli na skrubu, na kila kisu kilichovunjika na sababu yake.