Kabla Bumu Halijaenda Guangzhou

Siku hizi kila bweni lina mtu anayeagiza mzigo China: viatu, mawigi, chaja za simu. Bumu likitoka, watu wanne wanachanga, wanamlipa mwenye kiwanda moja kwa moja, na mfanyabiashara wa Kariakoo wanamruka. Hesabu inavutia, nakubali. Ila faida ya yule wa Kariakoo haikuwa ya bure: chaja ikiungua, unamrudishia yeye. Ukimruka, hasara hiyo ni yako.

Sisi wa ugavi tunaipenda kesi ya Mattel, na nadhani kila anayeagiza angeisoma. Mwaka 2007 kampuni hiyo ya Marekani iliwataka wateja warudishe vichezeo vilivyotengenezwa China, kwa kuwa rangi yake ilikuwa na risasi kupita kiwango. (Risasi ile ya sumu, siyo ya bunduki.) Kiwanda chenyewe hakikuwa kigeni kwao, walikuwa wamefanya nacho kazi miaka mingi. Rangi ndiyo ilitoka kwingine. Kwa hiyo hata ukihakikishiwa kwamba kiwanda ni cha huyo unayechati naye, bado muulize waya na plagi ananunua kwa nani, na akubali kwa maandishi kwamba hatabadilisha bila kukuambia.

Kwenye pesa ndipo penye kazi. Utaratibu wa kawaida ni kutanguliza asilimia 30 na kumalizia 70 mzigo ukiwa tayari. Hizo 70 ndizo nguvu yako. Zikishatoka, utajibiwa taratibu sana, kama utajibiwa. Zishikilie mpaka mzigo ukaguliwe kulekule. Wapo wakaguzi wa kukodi kwa siku. Oda ikiwa ndogo mno kwa gharama hiyo, taka video ya moja kwa moja, na katoni ya kufunguliwa uchague wewe, asikuchagulie yeye. Linganisha na sampuli uliyobaki nayo. Jina la akaunti lifanane na la kampuni kwenye mkataba. Ukiletewa ujumbe kwamba akaunti imebadilika, usitume hata senti: piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo.

Halafu kalenda. Mwaka Mpya wa Kichina huangukia mwishoni mwa Januari au Februari. Viwanda vingi hufungwa, na baadhi ya mafundi hawarudi tena. Oda ya kukimbizana na sikukuu hiyo mimi siiamini. Kama ni mzigo wa kwanza, ningesubiri hadi Machi.